Bei halisi ya MB: namna ya kuikokotoa, kuipunguza na kuidai mahali penye ushindani hafifu

Bei iliyoandikwa kwenye menyu ya kampuni ya simu si bei unayolipa. Menyu inakuambia GB 1 ni kiasi fulani. Haikuambii kwamba sehemu ya GB hiyo itakufa usiku wa manane bila kuguswa, wala kwamba bando likiisha huku data imewashwa, salio lako la kawaida litaanza kuliwa kwa bei ya juu kuliko ile ya bando. Mahali ambapo kampuni zinagombania wateja kwelikweli, mchezo huo haudumu, kwa sababu mteja anahama. Mahali ambapo kampuni moja au mbili zimeshika soko, mteja hana pa kwenda, na mchezo huo unageuka kuwa sehemu kubwa ya mapato. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kupata namba yako mwenyewe, kabla ya kulalamika na kabla ya kuhama.

Kokotoa bei ya MB uliyoitumia, si uliyoinunua

Tenga siku 30. Siku ya kwanza fungua Mipangilio ya simu, nenda kwenye matumizi ya data. Kwenye Android, weka tarehe ya kuanza mzunguko iwe siku hiyo, na simu itahesabu yenyewe mpaka mwisho. Kwenye iPhone kaunta hairudi sifuri yenyewe: shuka mpaka chini kabisa ya ukurasa wa data ya simu, futa takwimu kwa mkono, kisha uandike tarehe. Wengi husahau hatua hii wakasoma matumizi ya miaka miwili wakidhani ni ya mwezi. Simu ya laini mbili huhesabu kila laini peke yake, kwa hiyo soma zote.

Kila unaponunua bando, andika mambo matano: tarehe na saa, idadi ya MB, muda wa matumizi, fedha iliyotoka, na salio la kawaida lililobaki. Hilo la tano ndilo lenye siri. Salio likipungua kati ya bando moja na jingine bila wewe kupiga simu wala kutuma ujumbe, umekatwa nje ya bando, au umeungwa kwenye huduma ya kila siku usiyoiomba.

Siku ya 30, jumlisha fedha zote za bando na makato yote ya nje ya bando. Gawa kwa MB zilizo kwenye kaunta ya simu. Jibu ndilo bei yako halisi.

Tuchukue mfano wa namba tupu, iwe kwa sarafu yoyote. Bando la siku lina MB 200 kwa 50, yaani MB 1 kwa 0.25. Ukilinunua mara 30 umetoa 1,500 na umepewa MB 6,000. Kaunta inaonyesha umetumia MB 4,200 tu, nyingine ziliisha muda. Salio nalo limekatwa 180 nje ya bando. Jumla ni 1,680. Gawa kwa 4,200 upate 0.40. Umelipa asilimia 60 zaidi ya bei ya tangazo. Sasa linganisha na bando la mwezi la MB 5,000 kwa 1,400. Kwenye tangazo MB 1 ni 0.28, linaonekana ghali kuliko lile la siku. Lakini kwa matumizi yaleyale ya MB 4,200, bei halisi ni 0.33. Lililoonekana ghali ndilo rahisi. Hesabu hii ndogo ndiyo inayofichwa na orodha ndefu za bando zenye majina ya kuvutia.

MB za usiku, za mtandao mmoja wa kijamii, au za "bonasi" zipe safu yake pembeni. Bando la MB 500 za mchana na GB 1 ya saa sita hadi saa kumi na moja alfajiri ni bando la MB 500, isipokuwa kama kweli unapakua vitu saa hizo. Kuziingiza zote kwenye hesabu moja kunakufanya ujidanganye kwa niaba ya muuzaji.

Kaunta ya simu na ya kampuni hazitalingana kabisa. Wengine huhesabu GB kuwa MB 1,000, wengine MB 1,024, tofauti ya asilimia 2.4. Tofauti hiyo ikiingia kwenye kila ngazi kuanzia baiti, inafika asilimia 7.4. Tena kampuni huhesabu kilichopita kwenye mitambo yake, pamoja na vipande vilivyotumwa upya mawimbi yalipokuwa dhaifu, na baadhi ya kampuni hupandisha matumizi ya kila kipindi hadi namba kamili ya juu yake. Pengo la asilimia chache lisikusumbue. Likizidi 10, na likajirudia mwezi wa pili, una hoja ya kupeleka mbele.

Kisha gawa fedha uliyotumia kwa data mwezi huo kwa kipato chako. Tume ya Umoja wa Mataifa ya intaneti ya kasi iliweka mwaka 2018 lengo kwamba ifikapo 2025 huduma ya kuanzia isizidi asilimia 2 ya pato la wastani la mtu kwa mwezi. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, hupima lengo hilo kwa kapu la kiasi maalumu cha data ya simu kwa mwezi. Nchi inaweza kuonekana imefaulu kwa wastani huku nusu ya watu wake wakilipa mara tatu ya kiwango hicho, kwa sababu wastani huvutwa juu na wenye nacho. Tumia kipato chako, na cha jirani yako mwenye kipato cha chini.

Jua kama tatizo ni ushindani

Data inaweza kuwa ghali kwa sababu nyingine. Anza kwa kuondoa kodi. Uganda, kwa mfano, iliacha mwaka 2021 ile kodi ya kila siku ya mitandao ya kijamii iliyoanza 2018, ikaweka ushuru wa asilimia 12 kwenye data ya intaneti. Ushuru wa namna hiyo unalipwa na mteja hata kampuni zikiwa kumi. Nchi isiyo na pwani nayo hulipia njia ya kuufikia mkongo wa baharini kupitia kwa majirani. Toa kodi kwenye bei kabla ya kulinganisha na nchi nyingine, la sivyo hoja yako itavunjwa kwa sentensi moja.

Baada ya hapo pima ukolezi wa soko, yaani soko limeshikwa na wachache kiasi gani. Chukua sehemu ya soko ya kila kampuni kwa asilimia, zidisha kila namba kwa yenyewe, kisha jumlisha. Hii huitwa fahirisi ya Herfindahl-Hirschman. Soko la 60, 30 na 10 linatoa 3,600 + 900 + 100, yaani 4,600. Soko la 35, 33 na 32 linatoa 3,338. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2023 kuhusu miungano ya kampuni huliita soko lililopita 1,800 kuwa lenye ukolezi mkubwa. Ona kwamba hata kampuni tatu zinazokaribiana zinapita kiwango hicho kwa mbali. Masafa, yaani nafasi ya hewani inayobeba mawimbi ya simu, ni machache na minara ni ghali, hivyo masoko ya simu karibu yote yako juu. Namba hii pekee haimhukumu mtu. Inakuonyesha uanzie wapi na, ukiirudia kila mwaka, soko linaelekea wapi.

Kosa la kawaida hapa ni kutumia idadi ya laini. Mtu mmoja akiwa na laini tatu, mbili zimelala droo, anahesabiwa mara tatu, na kampuni ndogo inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Mamlaka nyingi za mawasiliano hutoa takwimu kila robo mwaka. Humo tafuta mgawanyo wa mapato ya data, au wa kiasi cha data kilichopita. Ukikosa, tumia laini zilizotumika ndani ya siku 90.

Kisha tazama dalili ambazo ukolezi peke yake hauzionyeshi. Gawa bei ya MB kwenye bando dogo kabisa kwa bei ya MB kwenye bando kubwa, yote mawili yakiwa na muda wa siku 30. Data ya bando dogo na ya bando kubwa hupita mnara uleule. Gharama ya kuuza kidogo kidogo ipo, lakini haielezi uwiano wa mara tatu au nne. Uwiano mkubwa unaonyesha kampuni inamtoza zaidi yule asiyeweza kulipa kwa mkupuo, ikijua hana pa kukimbilia. Hicho ndicho Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilichokieleza kwenye ripoti yake ya Desemba 2019 kuhusu soko la data: kwamba watumiaji wa kipato cha chini walilipa zaidi kwa kila MB, na kwamba Vodacom na MTN zilikuwa na nafasi ya kushusha bei kwa asilimia 30 hadi 50. Kuanzia Aprili 2020 Vodacom ilishusha GB 1 ya siku 30 kutoka randi 149 hadi 99. Minara ilikuwa ileile, na umbali wa kwenda mkongoni uleule.

Dalili ya pili ni bei ya nje ya bando ukilinganisha na ya ndani. Ya tatu, bei za kampuni zote kupanda ndani ya wiki chache kwa kiasi kinachofanana. Kuwa mwangalifu na hii. Kampuni tatu zinazoonana bei kila siku zinaweza kufuatana bila kukubaliana lolote, na kuzituhumu njama bila ushahidi kunaharibu malalamiko mazuri. Ya nne, kutokuwepo kwa kampuni zinazouza huduma kwa kukodi minara ya wengine.

Historia ya karibuni inasaidia kusoma dalili hizi. Ufaransa ilikuwa na kampuni tatu zenye mitandao yake mpaka Januari 2012, Free ilipoingia ikiwa ya nne na kifurushi cha euro 2 pamoja na kingine cha euro 19.99, na wenzake wakalazimika kufuata. India bei iliporomoka baada ya Jio kuzindua huduma Septemba 2016. Lakini ushindani ule uliwamaliza wengine: Vodafone na Idea zikaungana 2018, soko likabaki na kampuni binafsi tatu kubwa, na Desemba 2019 zote tatu zikapandisha bei, zikarudia mwishoni mwa 2021, kisha Julai 2024. Kwa hiyo usiishie kwenye bei ya leo. Fuatilia kila tangazo la kampuni kuuzwa au kuungana, maana hapo ndipo bei za miaka mitano ijayo zinapoamuliwa.

Punguza kinachotoka bila ruhusa yako

Kuna kanuni moja inayorahisisha yote: zidisha kasi ya megabiti kwa sekunde kwa 450, unapata MB kwa saa. Video ya megabiti 1 hula MB 450 kwa saa. Ya megabiti 5 hula MB 2,250. Muziki wa kilobiti 128, yaani megabiti 0.128, ni kama MB 58. Kwa kanuni hii utaona kwamba kuhangaika na ujumbe wa maandishi ni kupoteza muda. Mlaji mkuu ni video, na ndani ya video mlaji ni ubora. Kuteremsha kutoka 1080p hadi 480p kwenye skrini ya simu, ambako jicho halioni tofauti kubwa, kunaokoa zaidi ya hatua nyingine zote zikijumlishwa.

Weka ubora huo kwenye mipangilio ya programu yenyewe, upande wa data ya simu. Ukiubadilisha kwenye video moja, video inayofuata huenda ikarudi juu. Zima video kujicheza zenyewe katika kila mtandao wa kijamii unaotumia. Kwenye WhatsApp, zuia picha, sauti na video zisijipakue kwa data ya simu, kisha washa matumizi madogo ya data kwa simu za sauti. Nakala rudufu za picha na masasisho ya programu yasubiri Wi-Fi.

Kuna mianya mitatu watu huikosa. iPhone ina kipengele kinachohamia data ya simu Wi-Fi inapokuwa dhaifu, na simu nyingi za Android zina kinachofanana. Kizime. Simu ya laini mbili nayo inaweza kuruhusu data ihamie laini ya pili ile ya kwanza inapolegea, na kama laini ya pili ina salio lakini haina bando, salio linateketea kwa dakika. Zima hilo pia. Tatu, kompyuta ikiunganishwa na hotspoti ya simu hudhani imepata Wi-Fi ya bure na kuanza kupakua masasisho ya GB kadhaa. Kwenye Windows, fungua sifa za muunganisho huo na uuweke kuwa wenye kipimo (metered). Fanya hivyo mara ya kwanza tu unapounganisha, itakumbuka.

Ukubwa wa bando uchague hivi: wastani wa matumizi yako kwa kipindi husika, ongeza asilimia 10. Usichague kwa siku yako mbaya kuliko zote. Kwenye simu ya Android, weka kikomo cha data kiwe MB 50 chini ya bando, ili data ikatike yenyewe kabla bando halijaisha. Kikomo hicho kinafanya kazi vizuri zaidi kwa bando la mwezi. Kwa bando la siku au la wiki, weka kengele ya simu dakika 15 kabla ya muda kuisha, uzime data au ununue jingine.

Kuhama, au kutishia kuhama

Kampuni huogopa mteja anayehama kuliko anayelalamika. Nchi yako ikiruhusu kuhama mtandao bila kubadili namba, kabla ya kuomba hakikisha simu yako haijafungwa kwa kampuni moja, maliza deni la salio la kukopa, tumia au gawa MB zilizobaki kwa sababu zitapotea, na andika tarehe na saa uliyoomba. Kizuizi kikubwa ni akaunti ya fedha ya simu. Mara nyingi akaunti hiyo haihami na namba. Toa salio lote, funga mikopo na akiba iliyounganishwa, wajulishe benki, na ndipo uhame. Anayehama kwanza na kutoa fedha baadaye huishia kupanga foleni dukani.

Kama kuhama hakuwezekani, acha namba ya zamani kwa simu na fedha, nunua laini ya pili kwa data pekee, na uichague kuwa laini ya data kwenye Mipangilio. Kabla ya kununua bando kubwa, ijaribu kwa bando dogo sehemu tatu unazokaa zaidi: nyumbani, kazini na njiani. Pima saa mbili usiku, sio asubuhi. Bei nafuu kwenye mtandao uliojaa hadi video haifunguki ni hasara, na laini ile ya zamani utairudia ndani ya wiki.

Malalamiko yanayojibiwa

Ujumbe wa "MB zangu zimeibwa" haujibiki. Andika hivi: namba ya laini, bando, saa ya kununua, salio la MB kabla na baada, kaunta ya simu kwa muda huohuo, na unachodai, kiwe kurudishiwa kiasi fulani au kupewa orodha ya matumizi. Ambatisha picha za skrini zinazoonyesha saa. Peleka kwanza kwa kampuni na usiondoke bila namba ya kumbukumbu, kwa sababu mamlaka ya mawasiliano itaiuliza kabla ya kusoma chochote. Muda wa kujibu uliowekwa na kanuni ukipita, peleka kwa mamlaka, ukiambatisha namba hiyo.

Makato, bando kupotea na huduma usiyoiomba ni mambo ya mamlaka ya mawasiliano. Bei kufuatana, kampuni kubwa kuinyima ndogo minara, au muungano unaopendekezwa ni mambo ya tume ya ushindani. Ukichanganya, faili lako litasafiri kati ya ofisi mbili kwa miezi. Malalamiko kwa tume yana nguvu yakiwa na jedwali: bei ya MB ya bando lilelile kwa kampuni zote, kila mwezi, kwa mwaka mzima. Watu watano wakigawana kazi hiyo, kila mmoja kampuni yake, inachukua nusu saa kwa mwezi.

Mamlaka inapoita maoni ya umma kuhusu kanuni mpya, peleka madai mahususi yaliyokwisha kutekelezwa kwingine. Kanuni za ICASA, mamlaka ya mawasiliano ya Afrika Kusini, zilizoanza kutumika mwaka 2019 ni kielelezo kizuri: mteja apate taarifa akifikia asilimia 50, 80 na 100 ya bando, asikatwe nje ya bando bila ridhaa yake, aweze kusogeza mbele MB zilizobaki, na aweze kumgawia mwenzake wa mtandao uleule. Zilitanguliwa na kampeni ya wananchi iliyoanza mwaka 2016 kwa kauli ya kudai data ishuke. Kwa upande wa ushindani, dai masafa yatengwe kwa kampuni mpya, kampuni kubwa zilazimike kukodisha minara kwa bei iliyotangazwa, na ada ambayo kampuni moja huitoza nyingine kwa kupokea simu zake ikaribie gharama halisi. Hilo la mwisho linaonekana la sauti tu, lakini ndilo linalofanya laini ya kampuni ndogo isiwe mzigo kwa mwenye kuipigia, na bila wateja wa sauti kampuni ndogo haipati fedha za kujenga mtandao wa data.

Kila hoja iandike aya yake, itaje kifungu cha rasimu unachokizungumzia, na uweke jedwali lako la bei mwishoni. Tuma siku mbili kabla ya mwisho, kisha uombe barua ya kuthibitisha kupokelewa.